Maswali na majibu: mtaa ukilazimika kuhama usiku

Tunaishi bondeni, jirani na mto. Kila kikao cha kujipanga kinaishia kwenye michango ya kununua vifaa. Tuanze na nini?

Anzeni na daftari, vifaa vitafuata. Piteni nyumba kwa nyumba mwandike wanaishi wangapi, nani hasikii, nani hawezi kutembea, nani ni mjamzito, watoto gani hushinda peke yao. Kisha tembeeni njia mbili za kutokea, tena gizani, mpaka sehemu ya juu mliyoichagua. Hapo ndipo mtagundua kuna geti linalofungwa usiku, na ufunguo anao mtu mmoja tu ambaye hapokei simu.

Mama yangu amepooza upande mmoja na mchana mimi niko kazini. Naambiwa majirani watamsaidia. Inatosha?

Haitoshi. Majirani wepi? Siku ya purukushani kila mmoja atadhani mwenzake ameshakwenda kumchukua. Andikeni majina mawili, la mhusika na la msaidizi wake, wote wawe watu wanaoshinda mtaani na mama awe anawafahamu. Waonyeshwe dawa zake zinapokaa.

Wafanye na mazoezi ya kumbeba. Kiti imara cha miguu minne kinafaa: mmoja anashika mgongo wa kiti, mwingine anashika miguu ya mbele, kiti kinalazwa nyuma kidogo. Kwenye ngazi mama aangalie kule mnakoshukia, na mwenye kushika mgongo wa kiti ndiye abaki juu. Mfungeni kwa kitambaa kipana kifuani, na upande uliopooza mkono uwekwe mapajani usije ukagonga ukuta. Wajaribu kwanza na kijana mzima.

Nasisitiza hili kwa sababu ndipo watu wanapofia. Moto ulioteketeza mji wa Paradise, California, Novemba 2018, uliua watu 85, na wengi wao walikuwa wazee.

Tukihama mapema halafu mafuriko yasije, si tutachekwa?

Mtachekwa, na mvumilie. Amri ikitolewa na mamlaka, ifuateni bila kikao. Isipotolewa, muwe na alama yenu mliyokubaliana siku ya jua: mstari wa rangi kwenye nguzo ya daraja, maji yakiufikia mnaondoka. Kama mto wenu hufurika ghafla, msingoje hata mstari. Mvua kubwa kule mto unakotokea inatosha.

Chagueni mlio mmoja usiotumika kwa shughuli nyingine na usiohitaji umeme, maana umeme hukatika mapema. Asiyesikia apewe mtu wa kwenda kumgusa bega. Bangladesh, baada ya kimbunga cha 1970 kilichoua watu wanaokadiriwa kufika 300,000 au zaidi, iliunda mtandao wa watu wa kujitolea wanaopita vijijini na bendera na vipaza sauti vya mkononi. Mpaka leo unafanya kazi, licha ya simu kuenea.

Gari au miguu?

Sehemu salama ikiwa karibu, miguu. Gari waachiwe wasioweza kutembea, na liondoke kabla barabara haijafunikwa. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 humwangusha mtu mzima. Sentimita 30 hubeba magari madogo, 60 huondoka hata na pikapu.

Begi la dharura liwe na nini?

Maji, dawa za siku kadhaa, nakala za vyeti ndani ya mfuko usiopitisha maji, tochi, filimbi, chaji ya simu, na namba muhimu zilizoandikwa kwenye karatasi. Likikushinda kukimbia nalo, ni zito mno.

Baba mkwe ameapa haondoki, atabaki kulinda nyumba. Tumfanyeje?

Msibishane naye siku yenyewe. Muulizeni sasa, kwa adabu, anahofia nini hasa. Ikiwa ni hati ya nyumba, ihifadhiwe kwa ndugu wa mbali tangu leo. Ikiwa ni mifugo, mkubaliane nani ataifungulia na itaswagwa kuelekea wapi. Ikiwa ni wezi, vijana wa mtaa wamwahidi zamu za doria pale maji yatakapopungua. Halafu mkabidhini lile daftari. Yeye ndiye awe wa kuita majina kule juu, na uitaji hauanzi mpaka afike.