Niliajiriwa Kucheka: Ushauri kwa Binti Anayetaka Kuingia Redioni

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mwanafunzi wa uanahabari hapa Nairobi, aliniandikia akiniuliza afanye nini ili awe mtangazaji wa kipindi cha asubuhi kama nilivyokuwa mimi. Swali lake lilinifurahisha, kisha likanitonesha kidonda, kwa sababu kiti anachokitamani nilikikalia kwa miaka kadhaa na kazi yangu kubwa humo ilikuwa kucheka.

Mwenzangu wa kiume ndiye aliyechagua mada, aliyeamua simu ya nani ipokewe na aliyefunga mjadala. Mimi nilisoma hali ya barabara, nikawataja wadhamini, na kila alipomfanyia mzaha mwanamke aliyeachika au msichana mpenda fedha, alinipa ishara kwa mkono nicheke. Abiria aliyekuwa ndani ya matatu kwenye Barabara ya Thika saa moja asubuhi alikisikia kicheko hicho atake asitake, na mzaha juu ya wanawake ukishachekewa na mwanamke, nani tena ataupinga? Nilipolalamika kwa msimamizi, niliambiwa kwamba wasikilizaji wanataka kuchangamshwa na wala hawataki kuhutubiwa. Mshahara wa mwenzangu ulikuwa maradufu ya wangu, jambo nililolijua kwa bahati tu, na hadi leo nikilikumbuka chakula hakipiti.

Kwa hiyo, binti yangu, itamani meza inayopangiwa mada kabla ya kukitamani kipaza sauti. Wengi wetu tulikua tukimwiga Catherine Kasavuli, aliyesoma habari katika televisheni ya KTN tangu kituo hicho kilipoanza mwaka 1990, na tulidhani kwamba mwanamke akishasikika hewani usawa umekwisha kufika. Utafiti wa GMMP, mradi wa kimataifa unaofuatilia nafasi ya wanawake na wanaume katika habari duniani kote tangu mwaka 1995, ulionyesha mwaka 2020 kwamba kati ya watu wanaoonekana, kusikika au kuzungumziwa katika habari, wanawake walikuwa asilimia 25 tu. Taarifa inaweza kusomwa na mwanamke huku kila anayenukuliwa ndani yake akiwa mwanaume.

Mimi nilianza na daftari. Kila mgeni aliyeingia studioni niliandika jinsia yake na mada aliyoitiwa, na picha ikajichora yenyewe: uchumi, siasa na michezo waliitwa wanaume, ilhali malezi, ngozi na mapishi waliitwa wanawake. Kisha nikakusanya namba za simu za mawakili, wahandisi na madaktari wa upasuaji ambao ni wanawake, nikazipanga kwa mada. Siku iliyosemwa tena kikaoni kwamba mwanamke anayeielewa bajeti hakupatikana, nililifungua daftari langu mbele ya wote.

Baada ya hapo muda mrefu ulipita bila la kusimulia. Kilichobadilisha mambo ni Machi 2021, watangazaji wa kituo kimoja cha Nairobi walipomlaumu hewani mwanamke aliyedaiwa kusukumwa kutoka ghorofani. Walifutwa kazi, mdhamini mkubwa akaondoa matangazo yake, na Mamlaka ya Mawasiliano ikakitoza kituo faini na kukisimamisha kipindi hicho kwa miezi 6. Sisi hatukuwa kituo hicho, lakini wakubwa wetu waliingiwa na hofu, na hofu ya kupoteza fedha ilitimiza yale ambayo maombi yangu yalishindwa kuyatimiza. Pendekezo langu la kubadilisha mada na wageni wa kipindi lilikuwa tayari. Nikapewa utayarishaji wa kipindi, na nakiri kwamba siku hiyo nilitembea kwa madaha.

Wapo wanaodai kwamba burudani ikibeba hoja huharibika. Hao hawaijui burudani yetu wenyewe. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, aliimba taarab juu ya mwanamke aliyeuawa na mwanaume aliyetoroka bila kuadhibiwa, na Unguja iliburudika huku ikiambiwa dhuluma iliyotendeka. Acheni basi, dada zangu, kuukubali mzaha unaowadhalilisha kwa kuogopa kuitwa wakali, na acheni kusubiri kupewa nafasi na watu wanaofaidika mkiikosa.

Nawe uliyeniandikia, ukipata barua ya ajira, tazama cheo kilichoandikwa humo. Ikiwa ni mtangazaji msaidizi, uliza kabla ya kutia sahihi ni nani anayepanga mada, kama utahudhuria kikao cha kuzipanga, na mwenzako atalipwa kiasi gani. Swali la mwisho huenda wasilijibu, lakini liulize kwa maandishi.