Kwa Nini Mwendesha Pikipiki Hulalia Tangi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kwa nini waendesha pikipiki, wakishaingia barabara kuu, huinamisha mgongo na kusogeza kidevu karibu na tangi la mafuta, na kama mkao huo una faida yoyote au ni mbwembwe tu. Mimi huendesha pikipiki masafa marefu, na naomba nafasi ya kulijibu kwa kirefu, kwa sababu jibu linalotolewa na wengi, kwamba mtu huinama ili akimbie zaidi, ni la kweli lakini linaacha nje jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa. Kwa mwendeshaji wa kawaida, mkao huo una kazi kubwa zaidi kwenye mikono yake na kwenye gurudumu la mbele kuliko kwenye mshale wa mwendo.

Tuanze na upepo wenyewe. Hewa ina uzito: katika usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ina karibu kilo 1.2, na pikipiki inapopita ni lazima uzito huo wote usukumwe kando. Nguvu inayohitajika kuusukuma haipandi sambamba na mwendo, bali hupanda kwa mraba wake, maana yake mwendo ukizidi mara mbili upepo unazidi mara nne. Chukua pikipiki isiyo na kioo cha mbele, iliyobeba mtu mmoja aliyekaa wima. Kwa makadirio ya kawaida, akienda kilomita 50 kwa saa, upepo unamrudisha nyuma yeye na chombo chake kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 6 na nusu hivi. Akifika kilomita 100 nguvu hiyo ni kama kilo 26. Na kwenye kilomita 140 imeshapita kilo 50. Ndiyo maana katika barabara za mtaani huoni mtu akiinama, kwani hana anachokwepa, na ndiyo maana mtu yuleyule huonekana kujikunja taratibu kadiri mwendo unavyopanda, mara nyingi bila hata kuamua kufanya hivyo.

Mzigo wa injini unapanda kwa kasi kubwa zaidi, kwa sababu injini haishindani na nguvu hiyo tu, bali inashindana nayo kwa haraka zaidi kila mwendo unapoongezwa. Kuzidisha mwendo mara mbili kunadai uwezo wa mara nane. Pikipiki niliyoitaja hapo juu inahitaji takriban kilowati 7 ili kupasua hewa tu kwa mwendo wa kilomita 100, na kilowati 12 kwa mwendo wa kilomita 120. Injini nyingi za sentimita za ujazo 125 hutoa kilowati 8 hivi, na sehemu ya uwezo huo hupotelea kwenye mnyororo na matairi, kwa hiyo mwenye pikipiki ndogo hufikia mahali ambapo amevuta mafuta hadi mwisho na upepo umekataa kumpisha. Hapo akiinama na kupunguza ukinzani kwa sehemu moja ya tano, pikipiki iliyokuwa imegota kwenye kilomita 90 inaweza kuongeza 6 hivi. Mwenye pikipiki kubwa hana haja ya kilomita hizo 6, kwa maana anazipata kwa kuzungusha mkono kidogo tu. Kwa hiyo, kinyume na wanavyodhani watu wengi, faida ya mwendo katika mkao huu huonekana wazi zaidi kwa pikipiki ndogo kuliko kwa zile zenye injini kubwa, na hata mafuta yanayookolewa huhisiwa zaidi pale ambapo injini ilikuwa inafanya kazi kwa uwezo wake wote.

Ukinzani huo hupunguzwa kwa njia mbili, na zote mbili zinategemea mwili wa mwendeshaji. Ya kwanza ni ukubwa wa kile kinachokabili upepo: kifua kilichonyooka na viwiko vilivyotanuliwa ni tanga lililokunjuliwa kuelekea upande usiotakiwa. Ya pili ni umbo, nayo haizungumzwi sana ingawa ina uzito uleule. Hewa inayopita kwenye mabega ya mtu aliyekaa wima haiwezi kujiunga tena vizuri nyuma yake, hivyo huacha mgongoni eneo la msukosuko lenye mgandamizo mdogo, na eneo hilo humvuta nyuma wakati kifua kinasukumwa. Mgongo ukilala, hewa hupanda juu ya helmeti, ikateleza juu ya mabega na kushuka nyuma ya kiti bila vurugu kubwa. Kampuni ya Moto Guzzi ya Italia ililichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba katika miaka ya 1950 ilikuwa na handaki lake la upepo kiwandani Mandello del Lario, ambamo pikipiki nzima pamoja na mtu aliyeipanda vilipimwa, kwa kuwa kumpima chuma peke yake bila mwendeshaji kungetoa jibu la nusu.

Ushahidi ninaoupenda kuliko yote ni wa Mmarekani Rollie Free. Tarehe 13 Septemba 1948, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville katika jimbo la Utah, aliendesha pikipiki aina ya Vincent akitafuta kuvuka maili 150 kwa saa. Alikaribia akiwa amevaa mavazi ya ngozi, lakini upepo uliyapasua mavazi hayo yakawa yanapepea. Alichofanya ni kuyavua, akabaki na kaptula ya kuogelea, akalala kifudifudi juu ya pikipiki huku miguu ameinyoosha nyuma hewani, akapata maili 150.313, yaani karibu kilomita 242 kwa saa. Injini ilikuwa ileile na uwanda uleule. Kilichobadilika ni nguo na namna ya kuulaza mwili. Picha ya tukio hilo inatisha, na sidhani kama kuna mtu mwenye akili timamu angeiga mkao ule barabarani, lakini inaonyesha wazi ni kwa kiasi gani mwendeshaji mwenyewe ndiye mzigo mkubwa wa pikipiki yake.

Sasa nifike kwenye kile nilichosema kuwa ndicho kikubwa. Mtu anayekaa wima kwa mwendo wa barabara kuu anasukumwa kifuani bila kupumzishwa, na kitu pekee kinachomzuia asirudi nyuma ni mikono yake iliyoshika usukani. Baada ya muda mabega hukaza, vidole hubana mishikio, na hapo ndipo tatizo linapozaliwa, kwa sababu usukani wa pikipiki katika mwendo mkubwa hauhitaji kuzungushwa. Unaitikia msukumo mdogo sana wa kiganja. Upepo ukimyumbisha mtu kiwiliwili, na upepo wa barabara kuu haupigi kwa usawa, kila mtikisiko wa mabega hupita kwenye mikono iliyokaza ukaingia kwenye usukani. Pikipiki inaanza kucheza, mwendeshaji anashtuka na kubana zaidi, na kwa kubana anaizidishia kucheza. Wengi huilaumu tairi au barabara.

Anayeinama vizuri anaondoa chanzo hicho. Ukimtazama kwa karibu utaona magoti yamebana tangi pande zote mbili, tumbo na kifua vimesogea mbele, viwiko vimekunjwa na kushuka karibu na magoti, na mikono imelegea kiasi kwamba ungeweza kukitingisha kiwiko chake. Uzito wa kiwiliwili umebebwa na mapaja na misuli ya tumbo. Mikono haishikilii mtu tena. Inaongoza chombo tu. Kwa maoni yangu hii ndiyo alama ya kumtofautisha anayejua na anayeiga. Anayeiga hulaza kifua kwenye tangi huku amejitegemeza kwa viganja, na hivyo anakuwa amehamisha mzigo kutoka kwenye upepo na kuuweka palepale kwenye usukani.

Gurudumu la mbele nalo lina hoja yake. Upepo haumsukumi mtu kwenye usawa wa ardhi. Unampiga juu, na kwa hiyo huelekea kuinua sehemu ya mbele ya pikipiki. Ikiwa zile kilo 26 za kwenye mwendo wa kilomita 100 zinagonga kwenye kimo cha mita 1, na umbali kati ya magurudumu ni mita 1.3, gurudumu la mbele linapunguziwa karibu kilo 20 za uzito uliokuwa umelikandamiza barabarani. Kwa pikipiki nyepesi hicho si kiasi kidogo. Usukani unakuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza, kana kwamba tairi inagusa lami kwa shingo upande. Mwendeshaji akiinama, nguvu inapungua, mahali inapogonga panashuka, na uzito wa kiwiliwili chake unasogea mbele, mambo matatu yanayosaidiana kulirudisha gurudumu chini.

Kuna nafuu nyingine ambazo sitazichambua kwa urefu: baridi kifuani inapungua, mvua na wadudu hupita juu, na shingo haivutwi tena na helmeti inayotaka kuruka. Kelele ya upepo ndani ya helmeti, ambayo kwa safari ndefu inaweza kuharibu masikio kabisa, wakati mwingine hupungua na wakati mwingine huongezeka, kwa kutegemea kama kichwa kimeingia kwenye hewa tulivu nyuma ya kioo au kimeangukia kwenye ule msukosuko unaovunjika juu ya ukingo wake. Vizibo vya masikio ni dawa ya uhakika zaidi kuliko mkao wowote.

Wanaopenda mashindano wataniuliza kuhusu wakimbiaji wa MotoGP, daraja la juu la mashindano ya dunia ya pikipiki, ambao hujikunja hadi helmeti ikajificha kabisa nyuma ya kioo. Kwao kila sehemu ya sekunde ina thamani. Mmoja wao, Brad Binder, alipimwa akienda kilomita 366.1 kwa saa kwenye uwanja wa Mugello huko Italia mwaka 2023, na kwa mwendo wa namna hiyo kiwiko kimoja kilichochomoza ni hasara. Lakini watazame wanapofika mwisho wa sehemu iliyonyooka. Kabla ya kona huinuka ghafla na kukitanua kifua, wakiutumia upepo uleule waliokuwa wakiukwepa ili uwasaidie kusimamisha pikipiki. Wao wanaukunja na kuukunjua mwili kama sehemu ya vidhibiti vyao, na hilo ni jambo la kujifunza hata kwa sisi tusioshindana na mtu.

Kujifunza, hata hivyo, si kuiga kila kitu. Barabara kuu ina malori, mashimo, wanyama na watu wanaovuka, na mkao wa kulala kabisa unakunyima vitu unavyovihitaji. Kichwa kikishuka, shingo inalazimika kupinda ili macho yaone mbele kupitia ukingo wa juu wa helmeti; vioo vya pembeni vinaonyesha mikono yako badala ya barabara; na kugeuka kuangalia nyuma ya bega kunakuwa kazi. Wanaoweka miguu kwenye vikanyagio vya abiria wanajiweka mbali na kanyagio la breki. Kwa mwendo wa kilomita 100 pikipiki inakata karibu mita 28 kila sekunde, hivyo nusu sekunde ya kuurudisha mguu ni mita 14 zilizopita bila breki ya nyuma. Sioni hoja yoyote inayoweza kuhalalisha jambo hilo kwenye barabara ya watu wote.

Mkao ninaoutetea ni wa kati: kiuno kimepinda mbele kidogo, kidevu kiko juu ya tangi kwa umbali unaoruhusu macho kuona mbali, magoti yamebana, viwiko vimeshuka, miguu ipo mahali pake na vidole viko tayari kwenye breki. Kuinama hivyo kunapunguza sehemu kubwa ya mzigo wa mikono bila kuchukua macho yako.

Jambo la mwisho ni upepo wa ubavuni na malori, kwa sababu hapo ndipo nimeona watu wakiamini kuwa kulala kabisa ni kinga. Si kinga kamili. Mwaka 1958 mashindano ya dunia yalianza msimu bila yale maganda yaliyofunika sehemu yote ya mbele ya pikipiki pamoja na gurudumu, kwa kuwa shirikisho la mchezo huo lilikuwa limeyapiga marufuku baada ya kuonekana kwamba yalipasua hewa vizuri kutoka mbele lakini upepo wa ubavuni uliyayumbisha. Mwendeshaji anayelipita lori kwanza husukumwa na hewa inayotawanywa na pua yake, kisha akiipita pua hiyo anapokewa ghafla na upepo ambao lori lilikuwa limeuzuia. Ainame kiasi ili upepo usipate pa kumshika, lakini kabla hajafika ubavuni mwa lori ainue kichwa, aangalie vioo, alegeze mikono na kubana magoti, na aache nafasi ya kutosha upande wa pili ili pikipiki iyumbe kidogo na kurudi yenyewe.