Ukitaka tairi pana nyuma, jua kwanza inchi inakwenda upande gani

Wanaonitafuta kuhusu magari ya michezo ya zamani huanza na upana wa rimu: niweke inchi 7 au 8? Mimi huwarudishia swali. Hiyo inchi unayoongeza itakaa wapi?

Ukitoka rimu ya inchi 6 kwenda 7 umeongeza milimita 25.4. Ofseti, yaani umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu, ikibaki ileile, nusu ya nyongeza hiyo, yaani 12.7, inaingia ndani kuelekea shokomzoba, na nusu inatoka nje kuelekea madigadi. Ofseti ikipungua, rimu yote inasogea nje. Porsche 911 Carrera RS ya mwaka 1973 ilifungwa mbele rimu za inchi 6 zenye ofseti 36, na nyuma za inchi 7 zenye ofseti 23.3. Toa namba hizo: inabaki 12.7. Maana yake ukingo wa ndani haukusogea hata kidogo, nyongeza yote ilitupwa nje, na madigadi ya nyuma yakatanuliwa ili kuipokea. Ukichukua rimu za namna hiyo ukafunga kwenye gari ambalo madigadi yake hayakuguswa, usishangae tairi likianza kula rangi.

Gari hilohilo lina somo jingine. Mbele lilivaa tairi za 185/70, nyuma 215/60, zote za rimu ya inchi 15; namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi kwa asilimia ya upana huo. Piga hesabu ya kimo cha tairi zima: milimita 640 kwa 639. Waliongeza upana bila kuongeza urefu. Mtu anayeweka 215/70 nyuma kwa sababu ndizo zilizopatikana anapata tairi la milimita 682, na hapo gia zinakuwa ndefu, spidomita inadanganya, na tairi linagonga juu kabla hata halijagusa pembeni.

Kupima gari likiwa limesimama hakutoshi. Mimi huondoa springi ya nyuma, nafunga rimu na tairi, kisha napandisha kwa jeki taratibu hadi mpira wa kizuizi uguse, huku nikipitisha kidole kuzunguka tairi lote. Angalia paipu ya breki, angalia egzosi. Baada ya hapo narudisha springi na kubandika vidonge vya udongo wa kuchezea wa watoto ndani ya ukingo wa madigadi, napakia mzigo, naendesha polepole kwenye kona na matuta. Nikirudi nachomeka njiti ya kiberiti kwenye kila kidonge. Palipobaki unene wa milimita 3 pananinyima usingizi. Palipobaki 10 naacha. Pima pande zote mbili, maana bodi nyingi za zamani haziko sawa kulia na kushoto. Na kama gari lako lina ekseli nzima juu ya springi za vyuma bapa, kama MGB, kumbuka ekseli yenyewe husogea pembeni ukiingia kona kwa kasi.

Spesa, vile visahani vinavyowekwa kati ya habu na rimu kuisogeza nje? Sizikatai, ila ziwe zimekaa barabara kwenye kitovu cha habu, na boliti ziwe ndefu vya kutosha. Kipimo changu ni kwamba nati ishike uzi angalau sawa na unene wa boliti. Boliti ya milimita 12 yenye uzi wa 1.5, yaani milimita 1.5 kwa kila mzunguko, inadai mizunguko 8 kamili ya nati. Ikikaza kwa mizunguko 5, fungua, usiende popote. Halafu hakikisha kichwa cha nati kinalingana na tundu la rimu, koni kwa koni, duara kwa duara. Kusogeza tairi nje pia kunazidisha mzigo kwenye beringi, kwa hiyo beringi kuukuu zibadilishwe kwanza.

Kuhusu uendeshaji, tairi pana nyuma peke yake linafanya pua ya gari ikatae kona. Kwenye 911, yenye injini nyuma na mkia unaopenda kuteleza, hiyo ni dawa. Kwenye gari jepesi lenye injini mbele na nguvu za kawaida, mara nyingi unalipia sura tu, na mimi ningeongeza nusu inchi pande zote nne badala yake. Ukishafunga, wajulishe watu wa bima, endesha kilomita 80 hivi, kisha kaza nati upya kwa spana ya kipimo gari likiwa limepoa.