Barua kwa Mwanangu: Usinunue Chupa ya Pili

Mwanangu Atieno,

Hatujambo hapa Kisumu. Umeniuliza kama umnunulie mama mkwe wako chupa nyingine ya matone ya diklofenaki, maana hii ni wiki ya sita tangu atolewe mtoto wa jicho na jicho bado linamchoma. Usinunue, na ile iliyobaki asiitie tena mpaka aonwe na daktari.

Matone hayo yana kazi yake: hupunguza uvimbe na maumivu baada ya upasuaji. Lakini kwa kawaida hutumiwa wiki mbili tu. Yakipita siku 14, hatari kwa konea huongezeka. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, haina mishipa ya damu na unene wake ni kama nusu milimita. Matone haya huweza kuichelewesha kupona. Ikichubuka isifunge, kidonda huchimba ndani, na kwa wachache konea huyeyuka hata kutoboka. Mwaka 1999 huko Marekani visa hivyo viliripotiwa, na aina moja ya diklofenaki ikaondolewa sokoni.

Kinachonitia hofu zaidi ni kuwa dawa hiyo huipunguzia konea hisia. Mgonjwa anasema amepata nafuu, kumbe ni ganzi. Naye mama mkwe wako ana kisukari, ambacho chenyewe hudhoofisha neva za jicho, juu yake macho makavu. Angekuwa na baridi yabisi pia, ambayo nayo huongeza hatari hiyo, ningepanda matatu leo hii nije Nakuru. Katika miaka yangu ya wadi ya macho nimeona majirani wakiazimana chupa kama chumvi, na muuzaji wa dawa haulizi kitu.

Kesho asubuhi mpeleke kliniki ya macho, ubebe chupa zote. Kama kuna ya steroidi, aina nyingine ya dawa ya kupunguza uvimbe, msiikatize wenyewe. Mara nyingi hupunguzwa polepole, daktari ndiye aseme. Omba wampime kwa rangi: watamtia rangi ya manjano na kummulika kwa taa ya buluu, palipochubuka pang'ae kijani. Haiumi. Ila ukiona doa jeupe kwenye jicho, au akisema haoni vizuri kama jana, nendeni usiku huohuo hata kama hasikii maumivu.

Nipigie mkitoka huko. Baba yako anakusalimu, anauliza viazi vya Molo ni bei gani siku hizi.

Mama