Swali la lugha: Udongo "uliorekebishwa" ulikosea nini?

Mwanafunzi wa kemia anauliza: "Natafsiri makala kuhusu udongo unaochanganywa na plastiki ili kuiongezea nguvu. Nimeandika 'uandaaji wa maudongo yaliyorekebishwa yaliyo imara kwa joto'. Msimamizi wangu anasema hicho si Kiswahili. Kosa liko wapi?"

"Maudongo" tulimalize haraka: sema "udongo", au "aina za udongo" zikiwa nyingi. Na kwa kuwa udongo wa shambani nao ni udongo, utaje mara ya kwanza kuwa ni udongo wa mfinyanzi, hata kama hapafinyangwi chungu.

Shida kubwa ni "kurekebisha". Hurekebishwa kilichoharibika au kilichokosewa: hesabu, ratiba, tabia. Montimoriloniti, madini ya udongo wa mfinyanzi yanayotumika sana katika kazi hii, haijakosea lolote. Ina matabaka yenye unene wa nanometa 1 hivi, na katikati yake mna ioni (chembe zenye chaji ya umeme), mara nyingi za sodiamu. Hali hiyo huufanya udongo upende maji na usipatane na polima nyingi, yaani plastiki. Kwa hiyo ioni hizo hutolewa, zikaingizwa za kikaboni. Huko ni kubadilisha. Lakini ukiandika "udongo uliobadilishwa" tu, nitadhani uliondolewa ukaletwa mwingine. Kiswahili kina njia yake: tunasema "mtoto amebadilishwa nguo", na mtoto ni yuleyule. Basi andika "udongo uliobadilishwa ioni".

"Imara kwa joto" ndiyo iliyonichekesha. "Kwa" hapo inasomeka kama sababu: joto ndilo lililouimarisha. Hilo ni tofali la kuchoma! Wewe unakusudia kwamba joto lisiuharibu. Ioni za kikaboni zilizozoeleka, za amonio, huanza kuvunjika kwenye nyuzi 200 za Selsiasi hivi, ilhali nailoni 6, moja ya plastiki zinazochanganywa zikiwa zimeyeyuka, huyeyuka karibu na nyuzi 220. Ndiyo maana wengine hutumia ioni za imidazolio au fosfonio, zinazostahimili zaidi. Tumia kitenzi "kustahimili", ambacho hakihitaji "kwa": tunasema mbegu zinazostahimili ukame. "Kuhimili" pia kinafaa, ingawa mimi hukisikia zaidi penye mzigo.

Jaribu hivi: "Uandaaji wa udongo wa mfinyanzi uliobadilishwa ioni na unaostahimili joto". Ni refu kidogo, ila halipotoshi. Na msimamizi akiligusa neno "uandaaji", litetee, hapo hukukosea.