Jibu kwa aliyeuliza kuhusu "but", "because" na "when": tatizo linaanzia kwenye kitenzi cha Kiswahili

Mkuu, nimesoma swali lako pamoja na ile barua pepe uliyobandika. Umesema umeanza kazi kwenye ofisi ya utalii hapa Moshi, unawaandikia wageni wanaokuja kupanda Mlima Kilimanjaro, na msimamizi wako anakurudishia barua akisema sentensi zako zinagongana. Unataka kujua lini uweke and, but na so, na lini uweke because, although na when. Mimi ni mwongoza wageni mlimani na kwa miaka mingi nimewanoa vijana wanaojifunza kutoa brifingi, yaani maelezo kwa wageni kabla ya kupanda, kwa Kiingereza. Nakujibu kwa yale ninayoyakuta kwao.

Kiswahili kinafanya kazi kubwa ya kuunganisha ndani ya kitenzi chenyewe. Ukisema tukifika, tutakapofika, tusipofika, tukafika, hujatamka kiunganishi hata kimoja, na bado msikilizaji anajua kama unaongelea sharti, wakati au mfuatano wa mambo. Kiingereza hakina -ki- wala -po-. Kinaweka neno zima nje, mbele ya kishazi (kipande cha sentensi chenye kitenzi chake): if, when, unless. Wengi wetu tuliosoma shule za serikali tulifundishwa kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha kidato cha kwanza masomo yakageuka Kiingereza, na viunganishi tukavikariri kama orodha ya maneno na maana zake. Maana tunazijua. Tusichokijua ni kile ambacho kila neno linakifanyia kishazi kinacholifuata.

Chukua sentensi yako: Although the weather was bad, but the guests reached Uhuru Peak. Kwa Kiswahili "ingawa hali ya hewa ilikuwa mbaya, lakini wageni walifika" inapita kila siku bila mtu kushtuka. Kiingereza kinataka kimoja tu. Although imeshakifanya kishazi cha kwanza kuwa tegemezi, kwa hiyo kinaegemea kile cha pili. But kazi yake ni kuunganisha vishazi viwili vyenye hadhi sawa, ambavyo kila kimoja kingeweza kusimama peke yake. Ukiviweka vyote viwili unamwambia msomaji mambo mawili yanayopingana kuhusu sentensi ileile. Ni hivyo hivyo kwa because na so: Because the guest was tired, so we stayed at Horombo (kambi ya njiani, kabla ya Kibo). Futa kimoja, chochote kati ya hivyo.

Ila usidhani kufuta kimoja au kingine ni sawasawa. The weather was bad, but the guests reached Uhuru Peak inatoa habari mbili zenye uzito mmoja. Although the weather was bad, the guests reached Uhuru Peak inaisukuma hali ya hewa nyuma na kufanya kilele kiwe ndiyo habari. Kama unaiandikia familia ya mgeni inayosubiri taarifa nyumbani, mimi ningetumia hiyo ya pili.

Sasa lile la when, ambalo naliona kwa karibu kila kijana: We will call you when we will arrive at the gate. Hiyo will ya pili inatoka moja kwa moja kwenye "tutakapofika", maana -ta- imo ndani. Kiingereza kikishaweka when, if, until, before, after au as soon as kwa jambo lijalo, kishazi hicho kinatumia wakati uliopo: when we arrive, if it rains, until I come back. Will inabaki kwenye kishazi kikuu. Utasikia mtu akisema I don't know when they will arrive, uone kama sheria imevunjika. Haijavunjika. Jaribu kuirudisha kwenye Kiswahili: "sijui watafika lini". Ukipata "lini", au "kama" ya "sijui kama watakuja", will inakaa. Ukipata -po- au -ki-, will inatoka. Kipimo hiki kinawasaidia vijana wangu kuliko kanuni yoyote ya kitabuni.

Kuna -ka- pia. "Tukanywa chai, tukaondoka, tukafika Kibo, tukapumzika" ni Kiswahili kizuri kabisa, kina mwendo wake. Ukikigeuza neno kwa neno unapata we drank tea and we left and we arrived and we rested, na msomaji anachoka haraka. Hapo ndipo viunganishi tegemezi vinapokuokoa: After we had tea at Horombo, we left for Kibo, where we rested until midnight. Na kwa kuwa nimegusa where: punguza whereby. Tunaitumia kila palipo na "ambapo", wakati Kiingereza kinaihitaji kwa nadra.

Alama nitazipitia haraka. Kishazi tegemezi kikitangulia, weka koma kabla ya kile kikuu. Kikifuata nyuma, mara nyingi koma haihitajiki. But au so ikiunganisha sentensi mbili kamili, koma inakaa kabla yake. However si kiunganishi, hivyo haiwezi kushikilia sentensi mbili kwa koma: weka nukta, au nukta mkato, kisha uanze nayo. Na usiache Because the road was bad ikiwa peke yake na nukta mwishoni. Kwa mdomo inaeleweka, kwenye barua ya kazi inaonekana imekatika. Nor na for yenye maana ya "kwa maana" waachie wanaoandika hotuba.

Ninapokaza zaidi ni kwenye maneno yanayogusa usalama, kwa sababu mgeni anayetoka chini kwenda mita 5,895 anafuata ulichomwambia. If you need oxygen, tell me ni sharti la kawaida. Lakini Carry your rain jacket if it rains inamwambia achukue koti mvua ikishaanza, wakati wewe ulitaka alibebe mvua isije ikamkuta hana. Hapo ni in case it rains. Tell me about any headache, even if it is mild inamaanisha hata kama ni kidogo, sema. Ukiweka even though, umeshaamua kwamba kichwa kinamuuma kidogo. Na unless ina ukanushaji ndani yake tayari. We will not go up unless you feel well ndiyo sahihi. Ukiongeza don't na kusema unless you don't feel well, umemwambia mgeni kwamba mtapanda akiwa mgonjwa.

Anza na hizo sentensi za brifingi kabla ya barua pepe. Zisome kwa sauti mbele ya mwenzako ofisini, naye akurudishie kwa Kiswahili alichoelewa.