Kompyuta ya zamani: ifungue kabla hujaichomeka

Mjomba aliporudi kutoka Uingereza alikuja na BBC Micro, kompyuta iliyotoka mwaka 1981, na ikakaa juu ya kabati hapa Tanga miaka na miaka. Siku niliyoachiwa sikufikiri mara mbili. Plagi yake ni ya pini tatu bapa kama zetu, umeme wake ni huuhuu wetu. Nikaichomeka. Ikalia, maandishi yakatokea kwenye TV, nikachekelea. Baada ya dakika kama kumi, pah! Moshi mzito ukaanza kutoka nyuma, na harufu yake ilikaa kwenye mapazia wiki nzima. Cha ajabu, mashine yenyewe wala haikuzima.

Kosa lilikuwa haraka yangu. Ndani ya pawasaplai (kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kompyuta) za umri ule mna kapasita, vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme, za karatasi zenye ganda angavu la rangi ya asali, zimekaa moja kwa moja kwenye njia ya umeme wa ukutani. Ganda likizeeka hupata nyufa nyembamba, unyevu ukapenya, na hewa yetu ya pwani mnaijua. Kazi ya kapasita hiyo ni kuchuja kelele za umeme tu, ndiyo maana ikipasuka kompyuta huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiona nyufa, badilisha. Hata usipoziona, badilisha. Dai kapasita ya daraja la X2, yaani iliyotengenezwa kukaa kwenye umeme wa ukutani, volti 275 za AC. Dukani watakwambia "hii nayo ni mikrofaradi 0.1, weka tu" huku wakikupa ya kawaida ya DC. Ikatae.

Kabla ya kugusa humo ndani, chomoa plagi, subiri, kisha pima ile kapasita kubwa kwa mita: huweza kubaki na volti zaidi ya 300. Kama hujawahi kushika mita, mpelekee fundi TV. Si aibu.

Kuwasha kwa mara ya kwanza mimi hutumia ujanja wa mafundi redio: globu ya waya ya wati 60 au 100, iliyofungwa kwa mfululizo kwenye waya wa moto, yaani umeme upite kwanza kwenye globu ndipo ufike kwenye pawasaplai. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, vizuri. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, zima. Globu za LED hazifai kwa hili.

Bodi, ile sahani kuu yenye chipu za kompyuta, isiwe imeunganishwa bado. Kwenye BBC Micro chomoa nyaya zote zinazokwenda kwenye bodi, na uweke alama kila moja ilikotoka. Pawasaplai za aina hii hazipendi kuwashwa bila mzigo, kwa hiyo mimi hufunga balbu ya breki ya gari kwenye 5V, halafu ndipo napima. Nataka kati ya 4.75 na 5.25. Ikizidi hapo unachoma chipu ambazo huzipati tena kirahisi. Commodore 64 ndiyo mfano mbaya zaidi: pawasaplai zake nyingi zimemiminiwa gundi ngumu, hazifunguki, na zikiharibika hupandisha volti hadi kuua RAM, chipu za kumbukumbu. Hiyo usihangaike nayo, tafuta mpya.

Kwenye PC za 286 na 386 (namba za chipu kuu za PC za zamani), kata kwanza betri ya saa iliyosolderiwa kwenye bodi, maana huvuja. Ukikuta uchafu wa kijani, siki kidogo kwa mswaki, kisha spiriti.

Siku niliyoiwasha tena nilikaa nayo saa nzima, madirisha wazi, mkono karibu na swichi ya ukutani. Mapazia nilikuwa nimeyatoa tangu asubuhi.